UZI: Elki waliopandishwa treni. Namna Wamarekani walivyoanza kuhamisha wanyamapori zaidi ya miaka 100 iliyopita

Nyikani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nimekuwa nikifuatilia historia ya uhifadhi wa Marekani, na kuna sura moja inanigusa sana kwa sababu inahusu kazi ambayo hata huku kwetu inafanyika: kumtoa mnyamapori alipozaliwa na kumpeleka kwingine aishi na kuzaliana. Leo kazi hiyo ina bunduki ya sindano, dawa ya usingizi, helikopta na daktari wa wanyama amesimama pembeni. Wao walianza wakiwa na kamba, majani makavu, zizi la mbao na behewa la treni.

Mnyama mwenyewe ni elki. Ni wa ukoo wa ayala, ila mkubwa: jike aliyekomaa ana kilo 220 hivi, dume anapita 300. Dume anaota pembe zenye matawi mengi. Kila mwaka zinadondoka na nyingine zinaota. Majira ya kupandana, kuanzia Septemba, dume anapiga mlio mrefu mwembamba kama filimbi, na unasikika mbali.

Kabla Wazungu hawajasambaa bara lile, inakadiriwa elki walifika milioni 10, karibu pande zote za nchi, mashariki hadi magharibi. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1900 walikuwa chini ya laki moja. Waliliwa na wachimba madini na wajenzi wa reli, ngozi zao zikauzwa, mabonde waliyokuwa wakishukia wakati wa baridi yakawekwa ng'ombe na uzio. Jimboni Pennsylvania elki wa mwisho wa asili anasemekana aliuawa mwaka 1877. Elki wa mashariki wakatoweka kabisa, na wale wa kusini magharibi, Arizona na New Mexico, nao wakafuata mwanzoni mwa karne ya 20.

Waliobaki wengi walikuwa sehemu moja, Yellowstone na mabonde yanayoizunguka. Yellowstone ilitangazwa hifadhi mwaka 1872, lakini kwa miaka mingi ilikuwa hifadhi ya kwenye karatasi. Majangili walikuwa wanaingia na kutoka. Mwaka 1886 serikali ikapeleka jeshi, na askari wa farasi wakailinda hadi 1918. Mwaka 1894 ndipo ilipopatikana sheria ya kumfunga mtu anayeua mnyama mle ndani. Kwa hiyo wakati kila mahali elki wanakwisha, mle wanaongezeka. Huko ndiko walikotoka wale wa kwenye treni.

Niseme msimamo wangu mapema ili tusije kuvutana bila sababu. Watu wanapoisimulia habari hii wanaisifu treni. Mimi naona treni ilikuwa sehemu nyepesi. Elki walipona pale tu ambapo palikuwa na ardhi ya kutosha na majirani waliokubali kuishi nao. Nitawaonyesha kwa visa vyenyewe.

Naendelea chini.

Nyikani

Tuanze na Jackson, Wyoming, kusini ya Yellowstone.

Elki wa milima ile wana desturi ya kupanda juu kiangazi na kushuka mabondeni theluji inapoanza. Walowezi walipofika bonde la Jackson wakalima, wakaweka uzio, wakafuga ng'ombe. Elki wakishuka wanakuta njia imezibwa na nyasi zimekatwa na kulundikwa kwa ajili ya mifugo. Majira ya baridi ya 1908 hadi 1911 yalikuwa mabaya. Walikufa kwa njaa kwa wingi, maelfu, wengine kwenye uzio wa mashamba, wengine karibu kabisa na nyumba za watu.

Alikuwepo mfugaji mmoja wa hapo, Stephen Leek, aliyekuwa na kamera. Alipiga picha za elki waliokonda wamesimama kwenye theluji wakisubiri kufa, akazunguka nazo mijini akizionyesha na kueleza. Wananchi wa Jackson wenyewe waliwachangia elki majani waliyokuwa wameyaweka akiba kwa ajili ya mifugo yao. Bunge la Marekani likatoa dola 20,000 mwaka 1911 za kununulia chakula cha elki, na tarehe 10 Agosti 1912 ikatengwa hifadhi maalumu ya elki pale pale Jackson. Ipo hadi leo.

Sasa fikirieni picha waliyokuwa nayo viongozi wa wakati ule. Yellowstone kuna elki kuliko majani ya baridi. Majimbo mengine hayana hata mmoja. Katikati kuna reli. Wazo likaja lenyewe: tuwapakie.

Kijana wa Moshi

Mkuu uzi mtamu, naweka kiti kabisa. Swali langu ni moja. Elki wa porini, kilo 200 na ushee, hakuna dawa ya usingizi. Unampandishaje kwenye treni? Hapo ndipo ninapotaka kuelewa.

Nyikani

Kijana wa Moshi, swali zuri, na jibu lake lina njia mbili. Moja iliua, nyingine ilifanya kazi.

Njia iliyoua ilijaribiwa California. Kule kuna elki wadogo kidogo wa mabondeni, wanaoishi kwenye matete na mabwawa ya bonde la San Joaquin. Kufikia miaka ya 1870 watu walidhani wamekwisha. Kisha mabwawa ya Buena Vista yalipokaushwa ili palimwe, wakaonekana wachache mno wamejificha kwenye matete, ndani ya ardhi ya mfuga ng'ombe tajiri Henry Miller. Miller akaamuru wasiguswe. Walipoanza kuwa wengi na kuharibu uzio na mazao, akaiambia serikali iwachukue.

Mwaka 1904 wakakusanywa wachunga ng'ombe mahiri wa Buttonwillow. Hawa ni watu waliokuwa wanaweza kumtia kamba fahali akiwa kwenye mbio. Walipanda farasi, wakajaribu kuwaswaga elki hadi zizini kama ng'ombe. Elki hawakuswagika. Walivunja mstari, wakapita katikati ya farasi, wakatokomea. Ndipo kamba zikatoka. Aliyetiwa kamba alipigana mpaka pumzi ya mwisho, na baadhi yao walikufa pale pale, bila risasi wala jeraha.

Waliofanya kazi ya kukamata wanyama wanaijua hali hii. Mnyamapori akikimbizwa sana na kushikiliwa kwa nguvu, joto la mwili linapanda, damu inajaa asidi, misuli inaanza kuharibika akiwa bado hai. Anaweza kufa papo hapo. Anaweza pia kusimama akala, ukadhani amepona, halafu baada ya siku kadhaa miguu inakakamaa na moyo unasimama. Swala, pundamilia, twiga, wote wanaweza kupatwa. Ndiyo maana mkamataji mwenye uzoefu anatazama saa tangu mbio zinapoanza, na muda ukipita anamwachia mnyama aende hata kama gharama imeshaingia.

Njia iliyofanya kazi ilitumia njaa na subira. Pale Gardiner, Montana, lango la kaskazini la Yellowstone, elki walikuwa wanashuka wenyewe wakati wa baridi. Wakajengewa zizi lenye kuta ndefu za mbao, majani makavu yakawekwa ndani, geti likaachwa wazi. Mnyama anakuja leo anakula pembezoni, kesho anaingia kidogo, baadaye anaingia na wenzake bila wasiwasi. Siku kundi limejaa, geti linafungwa. Kutoka zizini kuna njia nyembamba yenye kuta pande zote, inapanda taratibu hadi mlango wa behewa. Mnyama anaona upenyo mmoja tu mbele yake, anauendea. Na reli ya Northern Pacific ilikuwa inaishia hapo hapo Gardiner, kwa hiyo umbali kutoka porini hadi behewani ulikuwa mfupi.

Ndani ya behewa palikuwa na majani ya kulala na kula, giza na kubanana, na safari ya siku kadhaa. Wengine walifia njiani. Hata hivyo wengi walifika, na California wenyewe baadaye wakaacha kamba wakahamia kwenye mtego wa zizi lenye majani.

Bint Pangani

Kaka Nyikani ahsante kwa darasa. Niliwahi kusikia elki waliuawa kwa ajili ya meno. Ni kweli au chumvi za mtandaoni? Maana elki si tembo.

Nyikani

Dada, ni kweli, na sikutaka kuipita.

Elki ana chonge mbili kwenye taya la juu, fupi, za mviringo, ngumu na zenye rangi nzuri zikisuguliwa. Kwa mataifa ya wenyeji wa tambarare, kama Crow, meno haya yalikuwa pambo la heshima. Gauni la mwanamke lililoshonewa meno ya elki lilionyesha kwamba nyumba ile ina mwindaji hodari, kwa sababu kila mnyama anatoa mawili tu. Nyama ililiwa, ngozi ilitumika, meno yalikaa kwenye nguo vizazi na vizazi.

Kisha kikaja chama cha udugu cha Wamarekani kiitwacho Elks, kilichoanzishwa New York mwaka 1868. Wanachama wakapenda kuning'iniza jino la elki kwenye mnyororo wa saa, na chama kilikuwa na matawi nchi nzima. Bei ikapanda. Wakatokea majangili wa meno, hasa upande wa Jackson. Walikuwa wanaua elki, wanang'oa meno mawili, wanaacha mzoga mzima kwenye theluji. Baadhi walifunga kwato za elki chini ya viatu ili nyayo zao zisitambulike. Wananchi wa Jackson walichoka mpaka wakawapa majangili hao onyo la kuondoka bondeni.

Haikuishia hapo. Mwezi Februari 1913 treni iliteremsha elki 83 kutoka Yellowstone pale Winslow, Arizona, jimbo ambalo elki wake wa asili walikuwa wamekwisha. Walioandaa shughuli ile walikuwa wanachama wa tawi la Elks la Winslow. Chama hicho hicho. Kilikuwa kimeshabadilika, viongozi wake wakiwa wamewageuka wenzao kuhusu ile desturi ya meno. Wanyama walipelekwa kwenye nyanda za juu karibu na korongo la Chevelon, wakaachiwa. Mizigo mingine ilifuata hadi miaka ya 1920 mwishoni, jumla wakafika kama mia mbili hivi. Leo Arizona ina elki wanaokadiriwa 35,000.

Mimi nikiisoma hiyo napata moyo. Watu waliokuwa sehemu ya tatizo walibadilika ndani ya muda mfupi, wakatoa fedha na jasho lao kurudisha walichosaidia kukimaliza.

Msafiri PA

Wandugu, mimi nipo Pennsylvania kikazi, naendesha lori. Kuna kijiji kinaitwa Benezette, kaunti yenyewe inaitwa Elk. Mwezi wa tisa ukipita hapo jioni unakuta magari yameegeshwa pembeni ya barabara, watu wameshika darubini kimya. Dume anatoka msituni, anainua kichwa, pembe zinalala mgongoni, halafu anapiga ule mlio. Mara ya kwanza sikuamini kuwa umetoka kwa mnyama mkubwa vile. Nilidhani ni mtoto anapiga firimbi. Wenyeji waliniambia hawa babu zao waliletwa na treni. Nyikani, hebu weka sawa hiyo habari.

Nyikani

Msafiri, umenipa mfano bora kuliko yote kwenye hoja yangu.

Mwaka 1913 Tume ya Wanyama ya Pennsylvania ilileta elki 50 kutoka Yellowstone. Gharama yake ilikuwa kama dola 30 kila mmoja. Nusu walipelekwa kaunti ya Clinton, nusu Clearfield, na wengine wakatolewa kwenye shamba la mtu binafsi ndani ya jimbo. Mizigo iliendelea kuja, na hadi 1926 jumla ya elki 177 walikuwa wameachiwa, wametawanywa kaunti mbalimbali.

Elki hawakujua kwamba wameletwa kwa ajili ya msitu. Waliona mahindi, viazi na bustani. Wakulima wakalia, wengine wakamaliza kilio chao kwa bunduki. Mwaka 1923 jimbo likafungua msimu wa uwindaji wa madume, ukaendelea hadi 1931, wakati kundi lenyewe halijashika mizizi. Kaunti moja baada ya nyingine elki wakatoweka. Walibaki kidogo sana kwenye eneo moja la milima, upande wa kaunti za Elk na Cameron, ambako mashamba yalikuwa machache na watu wachache. Hao unaowaona Benezette ni uzao wa mabaki hayo. Uwindaji ulifungwa miaka 70, ukarudi mwaka 2001 kwa vibali vichache vya bahati nasibu. Leo wapo kama 1,400.

Sasa linganisha na Michigan. Mwaka 1918 waliachiwa elki saba tu karibu na Wolverine, kaskazini ya jimbo. Saba. Msitu wa eneo lile ulikuwa umekatwa wote na kampuni za mbao, miche michanga ikawa inachipua kila mahali, na wakulima waliojaribu kulima udongo ule wa mchanga walishindwa wakaondoka, ardhi ikarudi serikalini. Chakula kipo, jirani hayupo. Kufikia miaka ya 1960 walikuwa kama 1,500. Msitu ulipokomaa na ujangili ukashamiri, kufikia 1975 wakashuka hadi 200 hivi. Kisha wakasimamiwa upya na sasa wapo zaidi ya elfu moja.

Au Alaska. Mwaka 1928 ndama wanane wa elki wa pwani walikamatwa rasi ya Olympic, jimbo la Washington, wakalelewa kwa maziwa, na mwaka 1929 wakaachiwa kisiwa cha Afognak. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 walizidi 1,200.

Wanane wakawa elfu na zaidi, 177 wakabaki wa kuhesabika. Waliosafirishwa Pennsylvania walikuwa wanyama wazima, wa shina lile lile la Yellowstone, kwa treni ile ile iliyofanikiwa kwingine. Kilichowamaliza kilikuwa pale walipoteremka.

Kijana wa Moshi

Afognak imenikumbusha Rubondo pale Ziwa Victoria. Sokwe walioachiwa kule miaka ya 1960 si walikuwa wachache pia?

Nyikani

Naam. Sokwe 17 waliokuwa wakifugwa Ulaya waliachiwa Rubondo kati ya 1966 na 1969 chini ya Bernhard Grzimek na Shirika la Wanyama la Frankfurt, wakajifunza wenyewe kuishi porini na wamezaana. Kisiwa kinasaidia kwa sababu shamba la mtu halipo mlangoni. Ila tusiende mbali, Rubondo inastahili uzi wake.

Mzee wa Hoja

Nimesoma kimya tangu mwanzo, sasa naomba niulize lile ambalo wengi hulikwepa. Elki walirudishwa kwa ajili ya nani? Mimi naona walirudishwa ili wenye vibali wapate cha kuwinda na watalii wapate cha kupiga picha. Wenyeji waliokuwa wakiishi na elki karne na karne wako wapi kwenye uzi huu? Umewataja kwenye gauni la meno tu.

Nyikani

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako ni la haki na jibu lake ni chungu.

Ni kweli, wawindaji wa michezo walikuwa na sauti kubwa kwenye harakati zile. Theodore Roosevelt mwenyewe, rais na mwindaji, alitoa elki waliopelekwa New Zealand. Mwezi Machi 1905 waliachiwa 18 huko Fiordland, nchi ambayo kwa asili haina mnyama wa jamii hiyo, kwa nia ya kuvutia wawindaji. Huwezi kuita huo uhifadhi.

Kuhusu wenyeji. Yellowstone haikuwa nyika tupu. Watukudika, tawi la Washoshone waliokuwa wakiwinda kondoo wa milimani, waliishi mle, wakaondolewa. Wabannock na Washoshone walikuwa na mkataba wa 1868 uliowapa haki ya kuwinda kwenye ardhi ya serikali isiyokaliwa na watu. Mwezi Julai 1895 walowezi wa Jackson wakaunda kikosi na kuwakamata Wabannock waliokuwa wakiwinda elki pamoja na familia zao, na mzee mmoja akauawa kwa risasi. Mwindaji wa Kibannock aliyeitwa Race Horse akafanywa kesi ya mfano. Mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba Wyoming ilipokuwa jimbo, haki ile ya mkataba ilikufa.

Uamuzi huo ulikaa zaidi ya miaka 120. Mwaka 2014 Mcrow mmoja, Clayvin Herrera, aliwinda elki msitu wa Bighorn akashitakiwa. Kesi yake ikapanda hadi Mahakama Kuu, na Mei 2019 majaji watano dhidi ya wanne wakasema hoja iliyotumika kwenye uamuzi wa kesi ya Race Horse haifai tena, kuwa jimbo hakufuti mkataba.

Kwa hiyo tukiorodhesha waliowamaliza elki wa Jackson, majangili wa meno walikuwa walowezi, waliofunga mabonde kwa uzio walikuwa walowezi, na aliyefikishwa Mahakama Kuu akawa mwenyeji aliyekuwa anatafuta kitoweo kwa haki aliyoandikiwa. Nilipanga kufika hapa. Afadhali umeuliza wewe.

Mzee wa Hoja

Marahaba. Umejibu kama mtu mzima. Endelea.

Bint Pangani

Na wanyama wanaowala elki je? Au walisafirishwa elki tu, wawindaji wao wakaachwa?

Nyikani

Dada, waliuawa. Enzi zile mhifadhi alimpenda mla majani na kumchukia mla nyama. Ndani ya Yellowstone yenyewe mbwa mwitu wa kijivu walipigwa risasi na kutegwa na watumishi wa serikali hadi wa mwisho wakaondoka mwaka 1926. Chui wa milimani nao walipunguzwa vibaya.

Matokeo yake yakaja. Estes Park, Colorado, ni mfano. Mwaka 1913 na 1914 walileta elki 49 kutoka Yellowstone, na mwaka 1915 eneo likawa hifadhi ya taifa ya Rocky Mountain. Hakuna mbwa mwitu, uwindaji hauruhusiwi ndani ya hifadhi. Elki wakaongezeka, wakakaa sehemu moja, wakatafuna mierebi na miti michanga pembezoni mwa mito. Mierebi ikiondoka, biva, yule mnyama anayejenga mabwawa kwa vijiti, anakosa chakula, mabwawa yanavunjika, maji yanashuka. Mpaka leo kuna uzio uliojengwa kuzuia elki wasifike kwenye mierebi.

Yellowstone kwenyewe mambo yalifika pabaya zaidi. Treni na malori hayakutosha kupunguza kundi la kaskazini. Majira ya baridi ya 1961 kuelekea 1962, askari wa hifadhi waliua elki zaidi ya 4,000. Watu waliona mizoga kwenye habari, nchi ikachafuka. Iliundwa kamati ya wanasayansi chini ya A. Starker Leopold, na taarifa yake ya 1963 ikabadilisha namna hifadhi za Marekani zinavyosimamiwa: usitazame spishi moja, tazama mahali pazima pamoja na wala nyama wake.

Na mwaka 1995 na 1996 zamu ya kuingia kwenye kreti ikawa ya mbwa mwitu. Walikamatwa 31 Kanada, wakaletwa Yellowstone.

Msafiri PA

Swali la mwisho kutoka kwangu, kesho naingia barabarani alfajiri. Je, bado wanahamisha? Kuna mtu kaniambia Kentucky nao wanao.

Nyikani

Wanahamisha, ila siyo kwa uhuru wa zamani.

Kentucky walianza Desemba 1997. Waliachia saba mbele ya umati wa maelfu ya watu, na hadi 2002 walikuwa wameleta zaidi ya 1,500 kutoka majimbo ya magharibi, kama Utah na Kansas. Waliwaweka kwenye ardhi ya migodi ya makaa ya mawe, vilele vilivyochimbwa, vikasawazishwa na kupandwa nyasi. Wakati wa kuchagua eneo walitafuta kaunti zenye kilimo kidogo, wakazungumza na wakazi kabla mnyama wa kwanza hajafika. Walikuwa wamesoma yaliyotokea Pennsylvania. Sasa lile ndilo kundi kubwa kuliko yote mashariki ya mto Mississippi, na Kentucky yenyewe imetoa wanyama kwenda Wisconsin na Virginia.

Kinachobana sasa ni magonjwa. Kuna ugonjwa wa kudhoofika unaoshika ubongo wa kulungu na elki, ulionekana kwanza Colorado mwaka 1967. Hauna chanjo wala tiba, na kwa miaka mingi hapakuwa na kipimo cha uhakika kwa mnyama aliye hai. Majimbo mengi yamefunga mipaka kwa sababu yake. Kuna pia ugonjwa wa kutupa mimba, ule ule unaosumbua ng'ombe, ambao elki wa maeneo ya Yellowstone wanao. Pale Jackson wanapolishwa wakiwa wamekusanyika baridi nzima unasambaa kwa urahisi, na ubishi kuhusu kuacha kuwalisha umekuwepo kwa miaka mingi. Wakiacha, baadhi watakufa na wengine wataingia kwenye mashamba ya wafugaji. Wakiendelea, ugonjwa unaendelea. Tatizo la bonde lililofungwa uzio mwaka 1908 bado lipo mezani.

Kwa hiyo elki akihamishwa leo anakaa kwanza karantini kwa wiki kadhaa, anapimwa damu, anafungwa kola shingoni ili ajulikane anakwenda wapi na amekufa na nini. Kule mashariki wanachunguza pia mnyoo wa ubongo unaobebwa na kulungu wa mkia mweupe. Kulungu mwenyewe haumwi, elki anazunguka zunguka mpaka anaanguka.

Safari njema Msafiri. Ukipita Benezette msimu ukianza, tupia picha humu.

Msafiri PA

Nitatupia. Tena pale wana kituo cha wageni na sehemu maalumu za kusimama, hairuhusiwi kumsogelea dume kipindi kile, anaweza kukurukia. Anayekuja aje mapema asubuhi au jioni. Mchana wamelala msituni.